Nilimwosha Uso Mama Yake Asijue

Kama ulinisoma wiki jana ukacheka nilivyofukuzwa kule Shumaisi kwa ajili ya mbuzi wa bosi, cheka tena kidogo umalize. Leo hakuna mbuzi. Leo kuna mtoto.

Na kama hukunisoma, si neno, karibu. Naitwa Fidel, mtu wa Kitale, dereva wa nyumba hapa Riyadh. Baada ya yale ya mbuzi nilipata kafili mwingine, yaani mwajiri mdhamini, Baba Sultan (hapa mabosi huitwa baba na mama kwa majina yao wenyewe), mwenye fleti mtaa wa Malaz. Mke wake ni Madam Nuf. Mtoto wao wa pekee ni Lujeni, msichana wa darasa la tatu, mwenye nywele nyingi na meno machache.

Mke wangu Jael ni mfanyakazi wa nyumba kwa Mama Hessa, yaani mamake Madam Nuf, kule Jeddah, mtaa wa Aziziya. Hiyo kazi mimi ndiye niliyemwombea. Kwa hiyo familia moja ilitulisha sote wawili, jangwa likiwa katikati yetu, na karo ya binti yetu Ivy ilitoka kwenye sufuria hiyo hiyo.

Shika hilo, familia moja. Utalihitaji.

Kazi yangu ilikuwa kumpeleka Lujeni shuleni asubuhi na kumrudisha mchana. Shule yenyewe ilikuwa mbali, kaskazini kabisa ya jiji, shule ya binafsi ya Kiingereza. Walikuwa wamemhamishia huko mwanzo wa mwaka kwa sababu binamu zake wote husoma huko. Madam ana leseni na kagari kake mwenyewe, lakini ofisi yake iko kusini. Hapo ndipo mimi nilipopatia riziki.

Justus, askari wa mlango wa jengo letu, Mkamba mmoja asiye na huruma, alinielezea vizuri siku moja tukinywa chai.

"Fidel, unafikiri unalipwa kwa kuendesha gari?"

"Nalipwa kwa sura, Justus. Gari ni la kunibeba tu."

"Unalipwa kwa sababu shule iko mbali. Siku shule ikisogea karibu, wewe mafi, hakuna Fidel."

Nilicheka hadi chai ikanipanda puani. Mimi hucheka kila kitu. Nimepigwa na dunia mpaka nikaona afadhali nicheke kabla haijanicheka.

Basi, baridi ilipoingia, Lujeni akaanza kutoka shuleni amechelewa.

Pale shuleni madereva hungoja nje, na mtoto huitwa jina kwa kipaza sauti. Jina la Lujeni likiitwa mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Wenzake wote wameshaondoka ndipo anatoka, ameinamisha kichwa, mkoba wa chakula mkononi.

Siku ya kwanza nilimtania. "Malkia! Ulikuwa unatafuta taji?"

Akaingia gari akalia.

Alilia njia nzima. Kiarabu changu ni cha barabarani, lakini machozi hayahitaji mkalimani. Nilielewa kidogo kidogo. Kiingereza hakimwingii. Wasichana wanaiga anavyosoma. Binamu zake ndio wanaoongoza kucheka. Na wakati wa kula, anakwenda na mkoba wake chooni, anafunga mlango, anakula huko.

Chooni, ndugu msomaji. Mtoto wa watu, na biskuti zake.

Sasa nisikilize nilichofanya, maana hapa ndipo pananichoma.

Kabla hatujafika Malaz nilisimama kwenye bakala, lile duka dogo la kona. Nikanunua aiskrimu na chupa ya maji. Nikamwosha uso kwa maji baridi, nikampangusa na tishu za garini. Halafu nikamwigizia ngamia mwenye mafua anayesimamishwa na polisi wa trafiki. Ngamia anataka kupiga chafya, polisi anataka leseni.

Lujeni akacheka mpaka aiskrimu ikamwagikia sare.

Tulipofika nyumbani, Madam Nuf alikuwa mlangoni, ametangulia kutoka kazini. "Fidel, shule ilikuwaje leo?"

"Tamam, madam. Anacheka tu."

Na kweli alikuwa anacheka. Madam aliona kwa macho yake.

Siku hiyo nilijiona mtu mwema. Naapa. Nilisema, Fidel, umemfariji mtoto. Kesho yake alilia tena, nikasimama tena kwenye bakala, nikaosha uso, nikawa ngamia. Madam akauliza, nikajibu, "Anacheka tu." Ikawa ndiyo desturi. Yule Mbangali wa duka akiona gari letu tu, anatoa chupa na aiskrimu bila kuulizwa.

Huo wema wangu ulikufa siku niliyosikia habari za shule mpya.

Jirani kabisa na fleti yetu, ng'ambo ya msikiti, palikuwa na shule nyingine ya binafsi, ya Kiarabu, ndogo, yenye walimu wanaojua watoto kwa majina. Madam alikuwa akiongea na Baba kiti cha nyuma, wakidhani Kiarabu changu ni cha "kulia, kushoto" tu.

"Nimwandikishe pale?" Madam aliuliza. "Naweza kumpeleka mwenyewe nikienda ofisini."

Mwenyewe. Neno hilo lilinipiga kisogoni kama kofi.

"Kwa nini?" Baba akasema. "Mtoto anarudi anacheka kila siku. Muulize Fidel."

"Fidel?"

Nilimwangalia kwenye kioo. "Anacheka tu, madam. Mafi mushkila, hakuna shida."

Mara hii sikuwa namfariji mtu. Nilikuwa nalinda kiti changu.

Na bado sijafika pabaya.

Siku chache baadaye, Lujeni alikuwa kwenye gari, uso umeshaoshwa, anaramba aiskrimu. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamua, "Ammo Fidel, leo nitamwambia mama." Hivyo ndivyo huniita, ammo, yaani ami yake.

"Utamwambia nini?"

"Kila kitu. Choo pia. Anihamishe."

Ningesema "mwambie." Neno moja tu. Badala yake nikafanya kile ninachojua kufanya. Nikainua mkono kutoka kwenye usukani, nikaugeuza ndege.

"Ukihamia shule ya jirani," nikasema nikicheka, "mama atakupeleka mwenyewe. Halafu ammo Fidel, fwiii! Ndegeni. Kenya. Halas, kwisha."

Ndege ikapaa mbele ya kioo, ikatua juu ya kisanduku cha tishu.

Aiskrimu ikawa inamchuruzikia vidoleni, haoni. Kisha akasema polepole, "Basi sisemi."

"Ni mzaha, Malkia."

"Najua," akasema. "Lakini sisemi."

Hakusema. Akaacha hata kulia njiani. Akawa anasubiri tufike bakala, analia haraka haraka kama mtu anayemaliza kazi, ananigeuzia uso niuoshe, na kabla sijaanza ngamia wangu yeye anaanza kucheka. Hakunihitaji tena kumchekesha. Alikuwa ameiva.

Nilimwambia Justus. Nilitegemea atanisimanga, niombe radhi, yaishe.

"Wewe ni dereva," akasema. "Kwani wewe ndiye mamake?"

"Sivyo."

"Basi endesha."

Nikaendesha.

Shule zilipofungwa kwa likizo fupi, familia ikaamua kushuka Jeddah kwa Mama Hessa. Nilifurahi kama bwana harusi. Jael! Tulikuwa hatujaonana tangu likizo iliyopita, na Mama Hessa, Mungu ambariki, hutupa chumba cha dereva kando ya geti, anasema mume na mke wasilale kama majirani.

Mchana wa kesho yake Jael aliniita mlango wa nyuma wa jikoni. Alikuwa anamenya vitunguu. Macho yalikuwa mekundu, nikajua ni vitunguu.

"Baba Ivy, keti."

"Mbona unanitisha? Kwani nimekula nyama ya bosi?"

"Keti."

Nikaketi juu ya gunia la mchele.

"Asubuhi nilikuwa namsuka Lujeni," akasema. "Nikamuuliza, huko shuleni nani anakusuka, wasichana wenzako? Akasema yeye hana wenzake. Akaniambia anakulia chooni."

Nilitafuta mzaha. Mwaka mzima wa kutania, na siku hiyo hakukuwa na hata mmoja mfukoni.

"Akaniomba nisimwambie mtu," Jael akaendelea. "Unajua kwa nini? Alisema nikisema, watamweka Fidel kwenye ndege. Akanionyesha kwa mkono. Hivi."

Akainua kisu, akakigeuza ndege.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi."

Hakupiga kelele. Jael akipiga kelele mimi huwa na nafuu, maana atanyamaza. Siku hiyo aliendelea kumenya.

"Kwani ningefanya nini, Mama Ivy? Wakimhamisha, mimi nimekwisha. Na Ivy atasomeshwa na nani?"

"Usimtaje Ivy."

"Kazi yote hii ni ya Ivy!"

"Nimesema usimtaje." Akaweka kisu chini. "Na kwa kuwa umemtaja, hebu niambie. Mwaka jana nilikwambia tumhamishe Ivy kutoka ile akademia. Ukasema tungoje mwisho wa mwaka. Mwaka ukaisha, ukasema tungoje mwisho wa muhula. Kwa nini?"

"Kwa sababu yuko sawa."

"Nani kasema?"

"Danson."

Danson ni dereva wa basi la shule ya Ivy. Ivy anakaa na mama mkwe wangu, mzee asiyesikia simu vizuri, kwa hiyo Danson ndiye macho yetu. Tukimpigia husema mtoto amepanda, mtoto ameshuka, mtoto yuko sawa.

"Ivy akiacha ile shule," Jael akauliza, "basi la Danson litapungukiwa na nani?"

Nikaokota ganda la kitunguu, nikalikunja.

"Kijiji chetu Danson hukijia kwa ajili ya watoto wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Yule mwingine alihama."

"Kwa hiyo Ivy naye akihama, Danson hana safari ya kule tena." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Ivy akilia ndani ya lile basi, nani anamwosha uso, Fidel, ili mama yangu asijue?"

Aliniita Fidel. Mke wangu haniiti Fidel.

Akachukua simu, akabonyeza, akaiweka karibu na mdomo. "Danson, ni Mama Ivy. Leo sitaki salamu. Nataka kujua kama mtoto wangu ana furaha huko shuleni. Nijibu ukipata nafasi." Akatuma.

Kisha akanigeukia. "Jioni watakuita uani. Nimewasikia. Ile shule ya jirani ina nafasi moja, inataka jibu leo. Baba anataka mtoto angoje mwisho wa mwaka. Madam anataka sasa. Watakuuliza wewe."

"Nikisema ukweli, Jael, wanaweza kutufukuza sote."

"Najua."

"Na wewe pia."

"Kwani mimi ni kiziwi? Nimesema najua." Akarudi kwenye vitunguu. "Sema tu."

Baada ya sala ya alasiri waliniita. Walikuwa wameketi uani, Mama Hessa kwenye mto wake mkubwa, Madam Nuf pembeni yake, Baba Sultan na tasbihi yake mkononi. Lujeni alikuwa amelalia paja la bibi yake. Jael alikuwa anamimina kahawa. Nikasimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Fidel," Baba akasema, "wewe ndiye unakaa na huyu njiani. Mimi nasema mtoto hahamishwi kama kiti. Alihama mwanzo wa mwaka, akihama tena sasa atadhani kila jambo gumu hukimbiwa. Amalize mwaka, kisha tutaona."

"Na mimi nasema," Madam akadakia, "kuna kitu sikioni. Amekonda. Nikimuuliza anacheka. Mtoto gani anacheka kila akiulizwa?"

Kumbe mama alikuwa anaona. Alikuwa anaona, na mimi nilikuwa nampangusia kioo.

"Sema," Baba akasema. "Anaipenda shule au haipendi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Kiarabu chote nilikuwa nimekipanga kichwani toka jikoni. Nikafungua mdomo.

"Naipenda!"

Si mimi niliyesema. Lujeni alikuwa ameruka kutoka kwenye paja la bibi.

"Naipenda sana, baba. Nina marafiki wengi. Tunakula pamoja, tunacheka. Sitaki kuhama. Sitaki, sitaki!"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha bakala, kilichooshwa kwa maji baridi. Kisha akaniangalia, akanikonyeza jicho moja kama nilivyomfundisha, na mkono wake mdogo, chini kabisa ambako wakubwa hawaoni, ukaishusha ndege taratibu hadi kwenye mkeka.

Kwamba usiogope, ammo. Huendi popote.

Nimetukanwa hapa Saudia. Nimefungiwa nje kwenye jua. Nimefukuzwa kwa ajili ya mbuzi. Hakuna kilichowahi kunipiga kama huruma ya mtoto yule.

"Alhamdulillah," Madam akashusha pumzi.

"Si niliwaambia?" Baba akatabasamu, akachukua simu. "Nawajibu hao wa shule kwamba mwaka huu hapana."

Jael aliacha kumimina. Hakuniangalia. Dele la kahawa lilibaki limeinama hewani, bila kutoa tone.

"Baba, ngoja," nikasema. "Anadanganya."

Baba akashusha simu.

"Anadanganya, na mimi ndiye niliyemfundisha. Hana rafiki hata mmoja. Anakula chooni. Analia kila siku, mimi namwosha uso dukani, namchekesha, ndipo namleta nyumbani. Nilimwambia akihama mtanirudisha Kenya. Ndiyo maana anasema anaipenda. Si kwa ajili yake, baba. Ni kwa ajili yangu."

"Ammo, la!" Lujeni akapiga kelele. "Ndege! Watakuweka kwenye ndege!"

Akanikimbilia. Madam akamdaka katikati ya njia, akamkumbatia kwa nguvu, na yule mtoto akalia. Alilia kilio kirefu kisicho na haraka, bila aiskrimu, bila ngamia. Kwa mara ya kwanza tangu baridi alilia na mama yake akaona.

Nilingoja kofi. Lilikuwa haki yangu. Madam aliniangalia tu juu ya zile nywele nyingi.

"Kila siku nilikuuliza."

"Ndiyo, madam."

"Nilisimama mlangoni nikakuuliza wewe, si mtu mwingine. Kwa sababu nilikuamini kuliko walimu."

"Ndiyo, madam."

Akamwinua mtoto, akaingia naye ndani, tukamsikia akilia mpaka mlango ukafungwa.

Mama Hessa akamgeukia Jael. "Na wewe, ulijua?"

"Nimejua leo asubuhi, mama," Jael akasema. "Ningesema mwenyewe kama yeye asingesema."

Baba Sultan aliinuka taratibu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha. Akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Nikautoa mfukoni nikauweka hapo. Ulikuwa bado na kidoli cha ngamia alichonipa Lujeni.

"Nendeni jikoni. Nyote wawili. Msitoke mpaka niwaite."

Tukaketi jikoni kama watoto waliovunja sahani, yeye kwenye kiti, mimi juu ya gunia langu la mchele. Kupitia dirishani tulimsikia Baba akiongea kwa simu. Nilisikia jina la Lujeni, nikasikia "shule," nikasikia "sasa." Kisha akapiga simu ya pili, na hapo akashusha sauti. Nilisikia jina langu. Na la Jael.

"Mama Ivy," nikasema, "nisamehe."

"Nyamaza nisikie anachosema."

Simu yake ikatetemeka juu ya meza, kando ya maganda ya vitunguu. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Danson.

Jael akabonyeza. Sauti ya Danson ikajaa jikoni, changamfu, ya mtu mwenye utani, na nyuma yake ngurumo ya basi na kelele za watoto.

"Mama Ivy, mama yetu! Saudia inasemaje? Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Mtoto nimemshusha sasa hivi pale kwa shosho, bibi yake, yuko sawa kabisa. Anacheka tu."

Jael akairudia. Anacheka tu. Akairudia tena, akiiegemeza karibu na sikio langu.

Kisha akaniangalia, na safari hii hapakuwa na kitunguu mkononi.

"Wewe ndiye fundi wa hii kazi, Fidel," akasema. "Niambie. Anadanganya?"